Maganda Kwenye Kinu

Nilipokuwa mtoto pale Izia, ganda la yai halikuwa takataka. Bibi mzaa baba alikuwa na sheria yake: ganda lisikanyagwe wala lisipondwe, la sivyo kuku aliyelitaga hufunga tumbo, asitage tena. Yeye aliyachomeka mazima mazima kwenye vijiti bustanini, na nyumba nzima ilitii.

Mama hakutii. Yeye ni mtu wa Kipili, kwa wavuvi, na kwao hakuna anayeogopa ganda. Aliyakusanya, akayatwanga kwenye kinu, akanyunyiza unga wake kwenye mashina ya nyanya.

"Mama Sabina!" Bibi alimaka, mikono kiunoni. "Unamtwanga kuku wa mtoto?"

"Ni maganda tu, Mama. Nyanya zinayapenda."

Kuku mwenyewe alikuwa wangu, mimi Sabina. Nilimwita Sista kwa kichwa chake cheusi na kifua cheupe. Wiki ileile akaacha kutaga. Jamani! Bibi alitembea uani kama mtu aliyeshinda kesi, kisha akatoa hukumu: kuku asiyetaga hali pumba za bure, Jumapili tukitoka misa anaingia chunguni. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilimchukia Mama, yeye na nyanya zake.

Jumamosi Mama alichukua jembe akafukie majani kwenye intumba, yale matuta yetu ya mviringo ambamo majani huozea na kuwa mbolea. Alipogusa tu lundo la majani, zikatoka kelele. Sista! Alikuwa amelalia mayai tele, kavimba kwa hasira.

Nikakimbia kumwita Bibi. Akainama, akatazama weee. Nikajua leo kapatikana.

"Si nilisema?" akasema. "Kaona kinu, kaja kuwaficha wanawe."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, jembe mkononi. Bibi naye akashindwa kujizuia. Habari ya chungu ikaishia hapo.

Leo nina bustani yangu, na mtaa mzima hakuna mwenye nyanya kama zangu. Maganda natwanga, kama Mama. Ila kwanza nawafungia kuku bandani.

"Mama, kwani kuku wanaelewa?" binti yangu hunicheka.

Namwambia atwange polepole. Wanawake wale wawili ndio walionilea, na sijaona sababu ya kumchagua mmoja.