Namba Isiyogawanyika ya Mwalimu Baki

Kaka yangu amefundisha hesabu miaka thelathini na minane, ni mtu mzima mwenye mvi, na bado amenitia wazimu kwa namba moja. Siku anastaafu walimpa barua, na pembeni mwa barua palikuwa na namba ya jalada: 612,999,961,381. Mwingine angeikunja akaitia kabatini. Yeye akasimama katikati ya chumba cha walimu akatangaza kwamba hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na atalithibitisha hilo kwa kalamu yake. Wenzake wakacheka. Laiti wangenyamaza!

Miaka minane, jamani. Kila siku anachukua namba tasa ishirini, kuanzia mbili kwenda juu, na kwa kila moja anaigawa namba yake aone kama kutabaki kitu. Kikibaki, anapiga mstari mwekundu na kusonga mbele. Wanafunzi hawakumwita Mwalimu Baki bure. Na sheria yake ilikuwa ile ile ya darasani: ukishapiga mstari hurudi nyuma, anayerudi nyuma hajiamini. Madaftari yakajaa kwenye meza ninayokatia vitambaa, maana mimi ni fundi cherehani na nyumba tunakaa moja. Nguo za watu nikawa nazikatia kitandani.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Daktari akasema upasuaji wenyewe ni mfupi, ila asichelewe. Miadi ya kwanza alisema amalize kwanza namba yake. Ya pili alijifungia chooni mpaka gari likaondoka. Na kwa kuwa haoni tena tarakimu, nani kageuzwa macho yake? Mimi. Namsomea, ananitajia, naandika, huku mteja amesimama mlangoni anaulizia suruali yake.

Juzi daftari la kwanza lililowa maji, nikaanza kulinakili. Nikafika siku ya sita, kwenye 613. Mimi nimezoea kupima mara mbili kabla ya kukata, basi nikawa napiga hesabu upya huku naandika. Kaka alikuwa na 5,743, akatoa 5,517, akaandika 236. Ni 226! Nikaendelea mwenyewe hadi mwisho, na haikubaki hata moja. Namba yake ni 613 mara 999,999,937. Yaani kazi ilikwisha siku ya sita, na mzee wa watu kaendelea miaka minane.

Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma, kisha nikakasirika tena. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa miadi ya tatu, na daktari alishasema hatatupangia nyingine hivi karibuni. Nikimwambia, namvunja moyo. Nisipomwambia, haendi, na macho ndiyo basi. Nikamngoja anywe chai.

"Kaka, namba yako inagawanyika."

Hakushtuka. Alikipapasa kikombe akakisogeza.

"Kwa mia sita na kumi na tatu," akasema.

Nilikuwa sijaitaja.

Ikabidi aseme. Siku daktari alipotaja upasuaji, mwaka jana, akiwa bado anaziona tarakimu kwa taabu, aliogopa macho yasije yakazimika kabla hajahakikisha, akaivunja sheria yake na kurudi nyuma. Akaliona kosa. Akalifunika daftari, akanyamaza, akaniacha mwaka mzima namsomea tarakimu kama kasuku!

"Ningesema imekwisha, ungenipeleka," akasema. "Naogopa kisu, mdogo wangu."

Nilitamani kumrushia madaftari yote, moja baada ya jingine. Badala yake nikaleta viatu vyake. Akanyoosha miguu bila ubishi, nami nikamfunga kamba huku namgombeza kwa sauti, bila kupumua, maana ningenyamaza kidogo tu angejua kwamba na mimi naogopa.