Leseni Iliyomkataza Shemeji

Mumewe alimbandika jina la Bi Kifurushi, nalo likamganda. Mchana alikuwa mfamasia. Jioni alijikunja kwenye kochi, kompyuta mapajani, akitengeneza vifurushi vya Linux, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure. Alichukua maktaba zilizoandikwa na watu asiowajua (maktaba zisizo na kitabu hata kimoja, ni vipande tu vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitegemea), akazifunga vizuri ili yeyote aziweke kwenye mashine yake kwa amri moja. Mama mkwe alidhani ni biashara isiyolipa. Kwenye kutolipa hakukosea.

Safari hii alikuwa amefunga maktaba ndogo ya kupanga tarehe, na programu kibao zilikuwa zinaisubiri. Wakaguzi wa mfumo wakairudisha: leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, ina kasoro. Akaifungua. Mstari wa mwisho ulisema: "Ruksa kwa kila mtu, isipokuwa shemeji yangu."

Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha akanuna. Mfumo ule haupokei kitu kinachombagua mtu, awe shemeji, awe nani. Akatafuta namba ya mwandishi, akampigia.

"Kaka, samahani, ule mstari wa shemeji huwezi kuutoa?"

"Siutoi ng'o! Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba kazi yangu ni kubonyezabonyeza. Tena kwenye harusi yangu mwenyewe, dada!"

"Pole jamani. Kwani yeye anaitumia hiyo maktaba?"

"Hata kompyuta hana."

"Sasa unamkataza nini? Mwenzio kalala zake, tunaohangaika ni sisi."

Kabla hajajibu, sauti ya kike ikapasuka nyuma ya mwandishi: "Hee! Kumbe umemwandika kaka yangu humo? Dunia nzima isome?" Sufuria ikagonga kitu. Simu ikakatika.

Bi Kifurushi akaitazama simu. Nyumba ya watu hajaikanyaga, na tayari ameitia moto!

Kesho yake, akiwa anamhesabia mzee vidonge, ujumbe ukaingia. Mstari umefutwa. Kwenye sehemu ya kueleza sababu ya badiliko, mwandishi aliandika: "Amri ya mke."

Maktaba ikapita, na zile programu zikaingia nyuma yake kama wageni waliofunguliwa mlango.

"Kwa hiyo umepata nini?" mumewe akauliza.

"Tarehe," akajibu, huku akivuta maktaba nyingine. Mwandishi wa hii hakuwa ameweka leseni kabisa. Bi Kifurushi akasonya, akaanza kutafuta namba yake ya simu.