Mstari Gani Unaanza

Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita alipoanza darasa la kwanza huko Japani, na hadi wakati huo mazungumzo yetu yalikuwa ya dakika moja. Kila Jumapili saa tano asubuhi, ambayo kwao ni saa kumi na mbili jioni, binti yangu alikuwa ananipigia kwa video. Mtoto anasukumwa mbele ya simu, anasema "Shikamoo Bibi" kama mtu anayesoma bango, mimi najibu "Marahaba mwanangu, hujambo?", naye anamgeukia mama yake ili aambiwe la kusema. Kisha anakimbia. Yote mengine niliyotaka kumwambia yalipitia kwanza kwa mama yake, na yakimfikia mtoto niliona usoni kwake kwamba yamefika yameshapoa.

Niliwahi kumlaumu binti yangu kwa hilo, na hapa niseme haki. Alikwenda kule kusoma, akaolewa kule, anafanya kazi ya zamu, na mtoto anashinda shuleni na kwa mama wa baba yake. Angepata wapi muda wa kumfundisha lugha ya watu wawili tu, yeye na mimi? Tena mimi mwenyewe nilimlea yeye kwa Kiswahili. Nilikulia Karagwe, na tuliporudi huku nchini kwetu Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubabaisha. Mama yangu, ambaye Kiswahili hakikumkaa mdomoni, alikuwa anamwita mjukuu wake kwa ishara ya mkono. Sikumbuki kama nililiona hilo kuwa tatizo. Nadhani sikuliona.

Nilichoogopa ni kimoja: kwamba mtoto akifika miaka minane au tisa hata kusukumwa atakataa, na mimi nitabaki picha ukutani kwao.

Jumapili moja akaja mwenyewe, mbio, ameshika daftari. Alilibandika kwenye simu hadi nikaona weusi mtupu, akalirudisha nyuma, nikaona herufi zake. Mwalimu wake alikuwa amezizungushia wino mwekundu kama ua, ndiyo alama yao ya kazi nzuri. Binti yangu akasema hiyo ni hiragana, herufi za kuanzia, na hapo mtoto ameandika "Bibi". Kila "bi" ilikuwa kama bakuli lenye mdomo mpana, na pembeni vistari viwili vidogo. Siku hiyo alikaa mpaka chakula chao kikawa tayari. Nikajiambia, kumbe mlango upo.

Nina jirani hapa mtaani Kagugu, dada mmoja aliyekulia Bujumbura, anafanya kazi ofisini Kacyiru. Aliwahi kusoma Japani miaka miwili. Nilimfuata nikiwa na aibu, kwa sababu mimi nimeishia darasa la tano na hata hizi herufi za kawaida naziandika kwa kufikiri.

"Mama, unataka kusoma Kijapani?" akaniuliza.

"Si kusoma. Kuandika tu. Bibi na salamu mbili tatu."

"Sasa bila kusoma utaandika aje?" Akacheka, lakini si kwa dharau. "Njoo siku ya posho mchana, nikishapumzika."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwa watu wa Bujumbura. Nikanunua daftari la hesabu lenye miraba. Yeye akachukua rula, akazungushia miraba minne minne kuwa chumba kimoja, ili nione herufi inakaa robo gani ya chumba. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: kila herufi ina mstari unaotangulia na unaofuata, na haubadilishwi. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mara nyingi, na pale ambapo si hivyo unakariri tu.

Hapo ndipo kazi yangu iliponiponza. Mimi nadarizi majina na nembo kwenye sweta za wanafunzi, kwa sindano ya mkono. Ukidarizi jina hufuati herufi inavyoandikwa. Unaanza pale uzi ulipo, unapita nyuma ya kitambaa, unatokezea sehemu iliyo karibu, ilimradi usikate uzi. Miaka ishirini na zaidi nimefanya hivyo. Sasa kuna herufi inaitwa "mo". Ni kama ndoano iliyopitishiwa vijiti viwili. Ndoano inatangulia, vijiti vinafuata. Mimi nilianza na vijiti, kwa sababu vilikuwa karibu na mahali kalamu ilipokuwa.

Mwalimu wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Alirudi, akatazama ukurasa, akasema, "Oya, Mama, sivyo. Umeanza na vijiti."

"Umejuaje, na hukuwepo?"

Akanionyesha kwa ukucha. Ndoano yangu ilikuwa imesitasita kila ilipokutana na kijiti, kama mtu anayevuka mtaro. Na mwisho wake haukuelekea popote, wakati ndoano yake yeye ilipomalizika iliinua mkia kidogo kwenda pale kijiti cha kwanza kinapoanzia. Mimi mwenyewe mtu akiniletea sweta iliyodariziwa na mwingine naigeuza nyuma, najua alianzia wapi na wapi alikuwa na haraka. Basi nikafungua ukurasa mpya.

Baada ya miezi miwili hivi, au labda mitatu, nikaandika "Bibi" kwenye karatasi safi. Niliiandika mara nyingi nikachagua iliyo nzuri kuliko zote. Jumapili nikaionyesha. Mtoto akaitazama, akasema neno moja, akaondoka.

"Anasema ni nzuri," akaniambia binti yangu.

"Basi?"

"Basi, Mama. Ni mtoto."

Alikuwa sahihi, ni mtoto. Lakini niliumia, na jioni nilitaka kulifungia daftari sandukuni.

Jumapili iliyofuata sikuwa na karatasi iliyoandaliwa. Niliegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, nikaandika herufi moja moja mbele yake. Nilipofika kwenye "mo" nikaanza na vijiti.

"Chigau!"

Nililijua neno hilo, mwalimu wangu ananiambia kila Jumamosi: sivyo. Uso wa mtoto ulijaa simu nzima. "Chigau, Bibi!" Akanyoosha kidole, akachora hewani huku akihesabu moja mpaka tatu kwa Kijapani: ichi, ndoano, ni, kijiti, san, kijiti. Nikaandika. Akatikisa kichwa. Nikaandika tena. Mama yake alikuwa anakaanga kitu, hakututafsiria lolote, na hatukumhitaji. Sijui tulikaa dakika ngapi. Najua tu kwamba chai yangu niliikuta imepoa na juu imeweka utando.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike haya. Wiki iliyofuata nilikuwa naijua "mo". Nilikuwa nimeiandika kurasa tatu. Lakini nilipoiandika mbele ya simu nilianza na vijiti, kwa makusudi. Akapiga kelele, akasogea, akanifundisha. Wiki nyingine nikakosea "ya", nyingine "se". Kila kosa lilinipa robo saa. Alianza hata kunigombeza kwa Kijapani, maneno mengi, kidole juu, kama mwalimu wake anavyofanya, nadhani. Nilifurahi mno. Siwezi kusema sikufurahi.

Jirani yangu aliligundua hilo nilipomsimulia.

"Lakini Mama, *ya* ulisha kuijua zamani!"

"Najua."

"Ah! Unamudanganya mutoto?"

"Nikiandika vizuri anaondoka."

Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema si vibaya, baba yake alikuwa anajifanya ameshindwa mbio kila siku mpaka yeye akaamini ana miguu ya dhahabu. Nilijipa moyo kwa hilo. Ila mbio ni mchezo, na mtoto anajua ni mchezo. Sikuwa na hakika kama haya yangu yalikuwa mchezo kwa wote wawili.

Kumbe hayakuwa. Jumatano moja binti yangu akanipigia, saa ambayo si ya kawaida.

"Mama, unajisikiaje?"

"Niko salama."

"Kichwa je? Husahau vitu? Hujaacha jiko linawaka, hujapotea njia?"

"Nimepotea wapi tena? Kuna nini?"

Akaniambia mtoto alilia. Babu yake wa kule, baba wa mkwe wangu, alianza kwa kusahau namna ya kuandika. Mtoto alikuwepo siku mzee aliposhika kalamu asijue mstari upi unaanza. Baada ya miezi michache wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mtoto humwona mara chache. Sasa alikuwa amemwambia mama yake: Bibi nimemfundisha, akajua, halafu amesahau tena. Bibi naye watampeleka?

Nilikaa kitandani. Nikamwambia binti yangu ukweli wote.

"Mama!" akasema. Sikujua kama anacheka au amekasirika. Nadhani vyote viwili. Kisha akasema, "Usimwambie. Andika tu vizuri, itamtoka akilini."

Alisema hivyo kwa kunihurumia, na pengine ndiyo ilikuwa busara. Lakini nilifikiri: mtoto amelia kwa ajili yangu, na kilio hicho nimekipanda mimi. Akiona nimejua ghafla atatulia, sawa. Ila atakuwa ametulizwa kwa uongo juu ya uongo. Nikamwomba jirani aniandikie maneno mawili kwa Kijapani: *Bibi alikuwa anajua. Samahani.* Aliniangalia, akayaandika kwenye miraba yake minne minne. Siku zilizobaki za wiki niliziacha sweta za watu, nikayaandika.

Jumapili niliegemeza simu. Mtoto alikuwa amekaa mbali kidogo. Niliandika kwanza "mo", ndoano ikatangulia. Nikaandika "ya". Nikaandika "se". Nilihesabu kwa sauti kila mstari. Kidole chake hakukinyanyua. Halafu nikaandika sentensi ya kwanza polepole, mstari baada ya mstari, nikainua karatasi.

Alisoma silabi moja moja, kidole kikifuata. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Niliona jinsi neno lilivyomwingia.

"Zurui!"

Hilo sikulijua. "Anasemaje?" nikaita.

"Anasema unacheza rafu, Mama!" binti yangu akajibu kutoka jikoni. "Na kweli."

"Mwambie ana haki."

"Mwambie mwenyewe."

Mtoto alikuwa amekunja mikono kifuani, amevimba mashavu. Lakini hakuondoka. Nikainama kuandika samahani. Ndani ya neno hilo kwa Kijapani kuna herufi "me", ina kistari kifupi cha mshazari na mstari mrefu unaozunguka. Kifupi kinatangulia. Nililijua hilo Jumamosi yote. Sasa mkono ulikwenda kwenye ule mrefu, ukazunguka, na nilipoinua kalamu nikagundua nilichofanya.

Akasogea kwenye simu hadi nikaona macho tu.

"Bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehoji.

"Hapana," nikamwambia kwa Kiswahili, nikatikisa kichwa na mikono yote. "Hii nimekosea kweli. Kweli kabisa."

Sidhani alielewa hata neno moja. Alinitazama muda mrefu, kama ninavyomtazama mteja anayesema sweta aliipokea ikiwa na tundu. Mwishowe akanyanyua kidole.

"Ichi," akasema, akachora kistari kifupi, taratibu kuliko siku zote. Akasubiri nikifuate, akiwa ananitazama usoni badala ya mkononi.