Sikio la Kulia la Dunstan

Kwenye ile kona ya mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, nyuma ya duka la saruji, siku hizi hakuna anayewaambia watu wanyamaze. Redio ya Keji, mama muuza chai, inaimba tangu anapowasha mkaa hadi anapokunja viti vyake. Bodaboda zinapiga honi, wauza vocha wanagombania mteja. Zamani, mara tatu au nne kwa siku, kelele hizo zilikatika kwa muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini. Mkono mweusi kwa grisi uliinuka, Keji akazima redio, wanaume wakashusha bilauri zao. Gurudumu likazungushwa, na fundi akaliinamia.

Kimya hicho kiliondoka na Dunstan.

Alikuwa Mganda wa Masaka, mwembamba, mwenye nywele zilizoanza kuota mvi upande mmoja tu. Ujana wake aliupitishia kwenye kinu cha kusaga mahindi, na huko ndiko alikojifunza kusikiliza beringi, ile pete ya gololi inayobeba mhimili: ikianza kufa inatoa sauti ya mchanga, kisha inapiga kama mluzi, kisha inanyamaza, na hapo mtu asimame mbali. Alikuja Juba mwaka 2009 na begi la spana. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na mlipuko wa mzinga katika mapigano ya Julai 2016, alipokuwa amelala kifudifudi chini ya lori ambalo hakuwa amemaliza kulitengeneza. Waganda wenzake wengi walipanda magari ya kurudi kwao na wakabaki huko. Yeye alikaa Masaka miezi mitatu, akarudi na sikio moja.

Ndiyo maana alihitaji kona nzima inyamaze.

Kazi yake ilikuwa magurudumu ya trela. Alifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, akatoa beringi, akaziosha kwa mafuta ya taa, kisha akazigeuza juani moja moja kutafuta doa la buluu ambalo joto huliacha kwenye chuma. Grisi aliiweka kwenye kiganja, akaisukuma beringi humo mpaka grisi itokee upande wa pili. Nati aliikaza hadi gurudumu liwe zito, halafu akairudisha nyuma kidogo, kidogo sana, na kuchomeka pini mpya. Pini ya zamani hakuirudisha hata siku moja. Mwisho aliweka ncha ya spana ndefu kwenye habu, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na akainua mkono.

"Nyamazeni," Keji alikuwa akisema, "daktari anapima mimba."

"Fundi, hilo gurudumu unalitengeneza au unalioa?" Huyo alikuwa Tombe, dereva, mtu wa kabila la Bari mwenye kifua kipana na kicheko cha kuudhi. "Sema tukuletee ng'ombe wa mahari."

"Funga mdomo, Tombe," fundi alimjibu. "Gari lako linakohoa na wewe unacheka."

Tombe aliendesha gari la shirika moja dogo lenye ofisi yake mtaa wa Thongpiny. Nyuma alivuta karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, ambayo ndani yake mlikuwa na kitanda kimoja, masanduku ya barafu ya chanjo na meza ya kukunja. Ilikuwa kliniki. Iliwahi kuwa ya watalii katika nchi fulani ya baridi. Kwenye kioo cha dirisha bado palikuwa na kibandiko cha ziwa na miti ya misonobari. Mhudumu wake alikuwa nesi aitwaye Viola, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti cha Keji. Chai aliinywa amesimama.

Breki za karavani hiyo zilifanya kazi kwa msukumo. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela inajisukuma kwenye gari, na msukumo huo unavuta fimbo ndefu chini ya sakafu, na fimbo inabana magurudumu. Barabarani ni ufundi mzuri. Lakini ukitaka kurudi nyuma, trela inaona unafunga breki, na magurudumu yanakwama. Kulikuwa na kifaa cha kulizuia hilo, nacho kilivunjika kabla karavani haijafika Juba. Kwa hiyo kila ilipoletwa kwenye kona, na lazima irudishwe kinyumenyume kati ya ukuta na mtaro, Dunstan aliingia chini, akailegeza fimbo, akaifunga kwa waya. Mafundi wote wa trela mjini hufanya hivyo. Wengine hawaufungui tena waya, kwa sababu madereva hawapendi usumbufu, na trela nyingi za Juba zinatembea bila breki kabisa.

Dunstan aliufungua kila mara. Ili asisahau, alitundika kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni cha dereva. Kitambaa kikiwepo, gari haliondoki. Tombe alijua, Viola alijua, hata Keji aliwahi kumzuia dereva mwingine kwa kupiga kelele, "Ya zol, wewe bwana, nguo nyekundu bado!"

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwishoni mwa kiangazi. Karavani ililala kwenye kona siku mbili. Beringi ya kushoto ilikuwa na doa, Dunstan akaibadilisha, akafunga habu, akakaza nati, akairudisha. Kitambaa chake cha mikono kilikuwa kimelowa grisi chote. Alinyoosha mkono bila kuangalia, akachukua kile chekundu kwenye kioo, akajifutia, akakitupa kwenye ndoo.

Viola alikuwa amesimama na bilauri. Barafu ilikuwa imeshapakiwa.

Dunstan akainua mkono. Redio ikazimwa. Akalizungusha gurudumu na kuweka spana nyuma ya sikio.

Gurudumu lenye breki zilizorekebishwa vizuri lina mnong'ono. Pedi ya breki inaigusa dramu mara moja katika kila mzunguko, kwa wepesi, kama mtu anayefagia chumba cha jirani. Dunstan aliufahamu mnong'ono huo kuliko mtu yeyote mjini. Asubuhi hiyo haukuwepo. Gurudumu lilizunguka na kuzunguka, na ndani ya chuma hapakuwa na chochote, na yeye, ambaye alipaswa kujiuliza umekwenda wapi, akafurahi. Alifikiri ni mkono wake. Alifikiri hajawahi kufunga beringi vizuri namna hiyo.

"Sista Viola," alisema, "njoo usikie."

Viola akaweka bilauri chini, akaishika spana, akainama.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo. Hutakiwi kusikia kitu."

Viola akacheka. Keji anasema ndiyo mara pekee aliyowahi kumwona akicheka.

Kwa kawaida Dunstan angepanda nao hadi nje ya mji na kurudi, kisha aguse habu kwa mgongo wa mkono kupima joto. Viola akasema barafu inayeyuka. Tombe akaangalia kioo chake, akaona hakina kitambaa, akawasha gari.

Walikwenda barabara ya Nimule. Kwenye mteremko mmoja mrefu, wenye kona chini yake, Tombe alikanyaga breki na karavani ikaendelea kuja. Ililisukuma gari kwa ubavu hadi nje ya lami. Gari lilipinduka mara mbili. Viola alikufa pale pale. Tombe alitolewa na mkono wa kulia umevunjika juu ya kiwiko, na kabla jua halijazama alikuwa mahabusu. Watu wa kijiji cha karibu waliwaambia polisi kwamba alikuwa akienda mbio.

Siku ya pili Owen alifika kwenye kona. Alikuwa afisa wa usafiri wa shirika, Mganda pia, kijana wa shati lililopigwa pasi.

"Ssebo Dunstan," alisema, "wameivuta karavani hadi uwanja wa polisi. Wanataka fundi aandike hali ya breki. Nimewaambia hakuna mwingine ila wewe."

"Tombe anasemaje?"

"Atasema nini? Kila dereva anasema breki zimekataa. Karatasi yako ikisema zilikuwa nzima, mambo yameisha."

Dunstan alikwenda. Karavani ilikuwa imelala kwa ubavu kwenye vumbi, tumbo lake likitazama jua, kwa hiyo hakuhitaji hata kuinama. Waya ulikuwa pale, bado umeifunga fimbo. Alikuwa na namna yake ya kuumalizia, mizunguko mitatu na ncha imekunjwa ndani ili isimchome mtu, na mizunguko mitatu ilikuwa pale, na ncha ilikuwa imekunjwa ndani. Askari aliyemsindikiza alikuwa kivulini akiangalia simu. Dunstan akaukata waya kwa koleo, akautia mfukoni. Akasema atarudi kuandika karatasi.

Hakurudi. Aliuweka waya kwenye sanduku la spana, chini kabisa, akafanya kazi. Alitengeneza trela ya maji na mbili za matofali. Mkono hakuuinua. Keji alizima redio mara moja kwa mazoea, na Dunstan akamwambia aiache tu. Owen alipiga simu, kisha akapiga tena. Dunstan alimwambia bado anachunguza. Alijua sheria inavyomtazama mgeni. Alijua pia kwamba Tombe analala kwenye sakafu na mkono ambao hakuna aliyeunyoosha, na kwamba kila siku aliyonyamaza mfupa ulikuwa unaunga vibaya.

Siku ya tisa alikuja Rejoice, mke wa Tombe. Alikuwa ametembea kutoka mtaa wa Lemon Gaba na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Keji alimpa kiti, hakukaa.

"Usta," alisema, kama watu wa Juba wamwitavyo fundi, "wewe ndiye uliyeifungua ile trela."

"Ndiyo, mama."

"Tombe anasema alikanyaga na trela haikusikia. Kila siku nikipeleka chakula ananiambia hivyo hivyo. Ndugu wa yule nesi wamekuja, wananiangalia tu. Mama yake Tombe mwenyewe anasema mwanawe alizoea kukimbiza gari. Na mimi nimeanza kutomwamini. Nalala naye miaka kumi na moja, na simwamini. Wewe unajua vyuma. Niambie kama nimwamini mume wangu."

Dunstan alikuwa na beringi mkononi. Aliiweka kwenye kipande cha gazeti, akaifunika ili vumbi lisiingie.

"Mwamini," alisema.

Akafungua sanduku, akatoa spana zote, akatoa waya. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko. Keji alimuuliza anakwenda wapi na kazi ya mtu imefunguliwa chini. Akatoka, na Rejoice akamfuata nyuma.

Kituoni aliuweka waya juu ya meza na kueleza kila kitu, kitambaa, mnong'ono, koleo. Askari wa zamu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mwenzake wa chumba cha pili.

"Njoo uone mtu. Amejileta mwenyewe."

"Mlevi?"

"Hapana. Mganda."

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa kuwa Dunstan alikuwa ameshavua mkanda na saa na kuviweka kando ya waya.

Tombe alitoka baada ya siku nne. Hospitali walisema mkono ungehitaji kuvunjwa upya, na hata hivyo hawakuahidi kwamba ungepona. Hawezi tena kuzungusha usukani. Sasa anakaa getini kwenye ghala la nafaka na kuandika namba za malori kwa mkono wa kushoto. Alipita kwenye kona mara moja tu. Keji alimmiminia chai, akajaribu kusema kwamba fundi hata hivyo alikwenda mwenyewe, wangapi mji huu wangekwenda.

"Siku tisa," Tombe alisema. Akanywa chai yake, akaondoka.

Mama yake Viola alikuja mahakamani siku zote za kesi. Siku ya hukumu Dunstan aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema nesi aliweka sikio lake kwenye gurudumu hilo na yeye akamwambia ni salama. Hakimu akaandika.

Alihukumiwa miaka mitano. Amemaliza mmoja na miezi minne, katika gereza kuu la Juba, bweni la tatu, kitanda cha chini karibu na mlango.