Mafuta ya Kondoo wa Mama Mkwe

Miaka ile ya vita vya Wazungu, sabuni ilipotea madukani kote Mbulu. Mwanzoni tulisema itakuja mwezi ujao. Baadaye tukaacha kuuliza. Nilikuwa nimeolewa huko Nambis, mume wangu amechukuliwa jeshini, na nyumbani tulibaki mimi na mama yake. Miguu yake ilikuwa imekufa, akawa mtu wa kulala juu ya ngozi yake kando ya ukuta.

Mtu asiyeweza kutoka nje hufanya yote palepale. Sisemi hili kumwaibisha. Ndivyo mwili ulivyo. Kila asubuhi nilitoa matambara ya kitambaa cha amerikani chini yake, nikashuka nayo kijitoni, nikayafua kwa magadi. Magadi huondoa uchafu, lakini harufu hubaki, na nguo ikikauka huwa ngumu kama gome la mti. Matambara yale yalimchubua mgongo. Mikono yangu nayo ilipasuka. Nilikuwa na uchovu ambao hata nikilala nauamkia.

Yeye aliumizwa na harufu kuliko vidonda. Siku moja akaniambia, "Mtu akija kunisalimia, mwambie nimelala."

"Na akirudi kesho, mama?"

"Bado nimelala. Wazee hulala sana."

Majirani wakaja, wakaishia mlangoni. Kisha ikafika habari kwamba dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa Basotu, anangoja mvua zikatike aje kumwona. Mama mkwe akageukia ukuta. "Na huyo mwambie nimelala," akasema. Wote wawili walikuwa wamezeeka. Wasipoonana safari hiyo, basi tena.

Nikaenda Dongobesh, dukani kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuja kufanya biashara na mumewe. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Sabuni? Mwanangu, hata mimi mwenye duka nanuka moshi," akacheka. "Una mafuta ya mnyama?"

"Yapo ya kondoo."

"Basi nusu ya sabuni unayo. Nusu nyingine iko jikoni kwako, ni majivu." Akanielekeza jinsi ya kupika.

Mafuta yale hayakuwa yangu. Ugonjwa ulipozidi, ukoo ulimchinjia mama mkwe kondoo, na mafuta ya mkia yakayeyushwa na kutiwa kibuyuni ili apakwe. Kwetu mafuta hayo ni ya mgonjwa mwenyewe. Hayaungi mboga, wala hayapakwi mwingine. Ilibidi niombe.

"Mama, naomba mafuta yako."

"Unataka kung'aa, na mume hayupo?"

"Nataka kupika sabuni."

"Kondoo wangu alichinjwa ili nipakwe, sio afue nguo."

"Yatarudi mwilini mwako, mama. Yatapitia kwenye nguo tu."

Akanielekeza kibuyu kwa kidevu. "Chukua nusu."

Nusu ile iliharibika. Nilichota majivu kwenye lundo la nyuma ya nyumba, tunakoyamwaga kila asubuhi, kwa kuwa yalikuwa mengi. Sikujua kwamba majivu yaliyonyeshewa yameshafuliwa na mvua, nguvu yake imezama ardhini. Nilikoroga tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi, na mafuta yakabaki juu, maji chini, kama watu waliogombana.

"Imekuwa sabuni?" akauliza.

"Imekuwa supu, mama."

Alicheka hadi akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mavuno. Kisha akasukuma kibuyu kwa kiwiko. "Chukua na haya. Nitapaka nini, mifupa?"

Ukitaka kujaribu, usiogope; ni kazi ya subira tu. Tumia majivu ya kuni kavu, moja kwa moja kutoka mafigani. Toboa chungu kikuukuu chini, tandika nyasi, jaza majivu, mimina maji kidogo kidogo, ukinge yanayodondoka. Yachemshe yapungue. Kisha chovya unyoya wa kuku: ukianza kulika, maji yako yana nguvu, na usiyaguse kwa mkono. Hapo tia mafuta, punguza moto, koroga. Mkono utauma. Badilisha mkono. Uji ukiwa mzito, mwiko ukiacha njia nyuma yake, ujue imekubali.

Yangu ilikubali. Ilikuwa laini, ya rangi ya udongo, na ilinuka zizi. Lakini ilitoa povu. Nilifua matambara yote, nikayasuuza mpaka maji yakawa meupe, na yalipokauka yalikunjika kama nguo. Nikapasha maji, nikamwosha yeye mwenyewe, polepole, nikikwepa vidonda.

Akanusa mkono wake. "Nanuka kondoo aliyebatizwa."

"Kondoo ni afadhali, mama."

"Ni afadhali," akakubali.

Mvua zilipokatika, dada yake akafika, miguu imevimba kwa safari. Akasimama mlangoni akipiga hodi. Nilimtazama mama mkwe, nikingoja aniambie la kusema. Akainua kichwa mwenyewe.

"Ingia, wewe! Unangoja uchinjiwe ng'ombe?" akaita.

"Nilidhani umekufa, mbona husemi?" dada akajibu, akaingia, akajishusha kwenye ngozi ile ile, bega kwa bega. Walizungumza juu ya ndama, na ya watu ambao sikuwahi kuwajua, mpaka dada akasinzia kichwa kikiwa shingoni mwa mdogo wake. Mama mkwe hakumwamsha. Alinionyesha kwa kidole matambara ya siku ile, yaliyokwisha kulowa, nikayatoa taratibu, nikashuka nayo kijitoni.