Miduara ya Unga Ndani ya Lupango

Mwanangu alipofika miaka minane, alikuwa ameshavunja sahani zangu zote isipokuwa zile za plastiki. Si ukorofi. Mkono unataka kushika, sahani inapita pembeni. Akikimbia, miguu inagombana yenyewe kwa yenyewe. Na mtoto huyu, katika mambo yote ya dunia, alitaka kuwa joyeuse, mmoja wa wasichana wadogo wenye mavazi meupe wanaocheza kuzunguka altare kwenye misa yetu. Akaenda kujaribiwa. Wimbo wa kwanza tu, wenzake wakageuka kulia, yeye kushoto, wakaanguka watatu. Mama msimamizi akanirudishia mtoto wangu mkononi.

"Mama, arudie mwaka kesho, kama miguu imepata akili."

Hakulia mbele yake. Alilia nyumbani, chini ya meza, na mimi nikakasirika mpaka nikaunguza bukari, ule ugali wetu.

Hospitalini, tata mmoja, bwana wa mazoezi ya viungo, alimsimamisha kwa mguu mmoja, akamrushia mpira mara kadhaa. Mpira ulimpiga kifuani kila mara. Akasema mtoto ni mzima, ana akili zake. Ni mwili wake tu unaochelewa kupanga mienendo. Nikamuuliza dawa.

"Kucheza, mama. Kila siku. Aruke, arushe mpira, atembee juu ya mstari. Na wewe ucheze naye. Usimfokee, ukimfokea si mchezo tena."

Mimi! Nauza vitenge sokoni, nimezaa mara tano, na kutofokea ni kitu ambacho kwetu hakuna aliyewahi kunifundisha.

Haya. Lupango letu, ua wa nyumba yetu, ni vumbi jekundu tupu, na chaki sikuwa nayo. Asubuhi na mapema nikachukua unga wa muhogo, nikachora miduara kumi nyeupe kutoka jikoni mpaka mlangoni. Nikavua kilemba, nikakunja kitenge magotini, nikaruka kwa mguu mmoja huku nikihesabu kwa sauti, mtoto nyuma yangu. Kwenye duara la tatu tukaanguka wote wawili. Alicheka mpaka akapaliwa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya kanisani.

Sasa, mtu mwenye akili timamu hapa Kolwezi anajua kwamba huchori miduara ya unga mweupe ardhini alfajiri, halafu ukaruka juu yake kichwa wazi ukitaja namba, watu watasema ni uchawi. Mi nilisahau. Jirani yangu, mama wa kikundi cha maombi, hakusahau. Alichungulia juu ya ukuta siku tatu. Siku ya nne waliingia wanne, Biblia kwapani, wakaanza kuukemea muhogo wangu.

"Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

"Bamama, atoke nani? Ni mchezo!"

"Mchezo gani? Mutu muzima anachezaka na unga?"

Nilikuwa na maneno ya kuwajibu, na hayakuwa ya kanisani. Lakini mwanangu alinitangulia.

"Bamama, mupange mustari," akasema, mikono kiunoni. "Kwanza muguu moja, kisha mbili. Mupira ikikuya, mukamate."

Sijui ni mshangao au ni nini, wakapanga mstari kweli. Kiongozi wao, mama mnene mwenye heshima zake, akaweka Biblia dirishani, akaruka, akafika duara la nne, akaketi chini puu! Mtoto akamwendea, akampa mkono.

"Hakuna shida, mama. Mi pia naangukaka. Anza tena."

Tangu siku hiyo walikuwa wanakuja kila Alhamisi, eti kufuatilia hali ya mtoto. Uongo mtupu, walikuja kuruka. Mwaka ukapita hivyo, unga ukaisha mara nyingi, akajaribiwa tena. Alipita. Sisemi alipita vizuri sana, nasema alipita.

Jumapili yake ya kwanza aliingia wa mwisho kwenye mstari. Wenzake walipoinua mikono, yake ilikuwa bado chini. Walipoishusha, yake ikapanda. Alichelewa hivyo misa nzima, anatabasamu, bila kumkanyaga mtu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Mama mmoja mgeni akanigusa bega.

"Ule wa nyuma, mbona anakosea?"

"Ni wangu ule," nikasema, kwa sauti iliyomfanya padri ageuke.