Meza ya Kukaa na Wakimbizi

Fundi wa maonyesho ana maneno machache na hasira za karibu. Meza hii ya wageni wa makumbusho kukaa na wakimbizi wapige soga, kaikata upana mara tatu ili wakaribiane, na kila mara anaipapasa ukingo kwa kiganja. Bosi wa makumbusho kashasema: leo wageni wasipokaa, chumba kinakuwa stoo. Wageni wanachungulia, wanapita. Fundi kachemka, kamkamata mlinzi, yule anayewasema wakimbizi kila siku, kamkalisha mbele ya mama mmoja mkimbizi.

“Sasa nimuulize nini?”

“Funga bakuli. Anauliza yeye.”

Mama akatazama chini. “Mwanangu, viatu vinakubana?”

Mlinzi akacheka, akalalamika weee: viatu, zamu, magoti. Halafu akainama mezani. “Na wewe, mama, safari yote ile ulivaa nini?”

Mama akaanza kusimulia. Mgeni mmoja akamgusa mlinzi bega. “Kaka, ukinyanyuka nakaa mimi.”